Karantini ya Meneja

Kri, kri, kri. Kimya. Halafu tena: kri, kri.

Bibi Mektilda alifumbua macho gizani, jogoo wa jirani akiwa bado hajasafisha koo. Sauti ilitoka jikoni, na kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni sabuni yake. Alikuwa na kipande kimoja tu, kimekonda kama ulimi wa mbuzi, amekificha ndani ya kibuyu. Miaka ile mtu aliweza kupotelewa na mbuzi akanyamaza, lakini panya wakimlia sabuni, mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Akajifunga kitenge, akashika mwiko, akanyata mpaka jikoni.

Hapakuwa na panya. Alipofukua majivu na kupuliza makaa, mwanga mdogo ukamwonyesha Meneja, amejikunyata pembeni mwa kinu, manyoya yamemsimama, macho nusu. Alikuwa anasaga meno. Sahani yake ya uji ilikuwa vilevile alivyoiacha jioni, uji umefanya ngozi juu.

"Na leo tena hukula?" Bibi Mektilda akauliza.

Meneja akasaga meno.

Meneja alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa kama panya mnene asiye na mkia, dume, mwenye baka jeupe usoni na tumbo lililoburuzika chini. Bibi Mektilda ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu katika mwaka ule wa dhiki, sukari haionekani na nguo zimekuwa viraka juu ya viraka, walionenepa walikuwa mameneja peke yao. Kwa kawaida alfajiri kama hii angekuwa amekwisha kupiga filimbi zake, fwii, fwii, kama refa aliyekasirika, mpaka aletewe chakula. Sasa alikaa kimya, na mifupa ya mgongo ilikuwa imeanza kuonekana.

Bibi Mektilda aliweka mwiko chini na kukaa kwenye kigoda. Roho ilimwuma, na si kwa ajili ya Meneja tu. Meneja hakuwa wake.

Kule Mbulu alikozaliwa, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake. Mmoja humpeleka kwa rafiki huyu, wawili kwa yule. Mtunzaji hunywa maziwa na kupata samadi, na mwenye mali huja na fimbo yake kumwangalia mnyama, hupewa kiti, hunywa kitu, huulizwa habari za kwake. Mnyama akifa, mtunzaji hupeleka ngozi kwa mwenyewe, na hapo maneno yamekwisha. Hakuna tena sababu ya kuja.

Mwenye Meneja alikuwa Kandida wa kijiji cha Nakwa, anayeitwa Mama Egidius. Yeye na Mektilda, ambaye yeye alimwita Mama Natalia, waliteremka pamoja kutoka milimani, wasichana wawili wenye mizigo kichwani, na tangu siku hiyo hawakuacha kutaniana. Lakini baada ya kumzika mumewe, mzee Dominiko, Kandida alifunga mlango. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, wameuzwa wakati wa ugonjwa. Mtu akija kumsalimu, alijibiwa dirishani: "Pole nimepokea za kutosha. Nenda salama." Padri alijibiwa dirishani. Hata Mektilda alijibiwa dirishani.

"Sikuleta pole," Mektilda alimwambia siku ile. "Nimekuja kuomba mnyama wa kutunza."

"Mnyama gani? Huoni zizi tupu?"

"Hata kama ni mmoja. Mimi nataka samadi."

Kisha mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na kikapu kikasukumwa nje. Ndani yake alikaa simbilisi, ambaye wajukuu walimwacha walipohamia Arusha.

"Huyo hapo. Ndiye kundi langu lote. Sasa niache."

"Nimempokea," Mektilda akasema kwa heshima yote, kama mtu aliyekabidhiwa fahali. "Na utaratibu unaujua, Mama Egidius. Mwenye mali huja kuangalia mali yake. Usipokuja, watu watasema Dominiko alioa mwanamke asiyejua mambo ya mifugo."

Alikuja. Alinuna, lakini alikuja, Jumamosi jioni, na fimbo ya marehemu mkononi. Akaketi, akamkagua simbilisi mmoja kwa macho ya mtu anayehesabu kundi, akasema maji ya kunywa yamewekwa mahali pabaya, akaenda zake. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi, akilalamika njia nzima. Ilikuwa ndiyo safari yake ya pekee kutoka nje ya ua wake.

Sasa leo ilikuwa Ijumaa, na mali ilikuwa inasaga meno.

Asubuhi yote Bibi Mektilda alimuuguza. Alimfunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akampakata, akamdondoshea uji kwa ncha ya kijiko. Meneja alimeza kidogo, uji mwingine ukamtoka pembeni ya mdomo. Alimpondea ndizi mbivu. Alimchemshia kiazi kitamu, akakimenya, akakipoza kwa kupuliza. Meneja alikisogelea, akakinusa, akakifungulia mdomo, kisha akarudi nyuma kama aliyetukanwa.

Zuwena, jirani yake, alipita na mzigo wa majani ya mbuzi aliyoyakata kando ya ziwa. Alisimama mlangoni bila kuutua.

"Shikamoo, bibi. Bado hali?"

"Marahaba. Bado."

"Mpe mwarobaini."

"Wewe uliwahi kunywa mwarobaini ukapata hamu ya pilau?"

Zuwena akacheka. "Basi mchinje, bibi, angali na nyama kidogo. Mimi nitaleta chumvi."

"Chumvi unayo?"

"Sina. Lakini kwa ajili ya Meneja ningeitafuta."

Akatua mzigo, akachomoa majani mkono mzima, akayaweka mlangoni bila kusema ni ya nani. Majani yenyewe alikuwa ameyafuata mbali, na mbuzi wake walikuwa wanalia njaa. Bibi Mektilda aliona. Lakini alipoyashika akakuta ni magumu, makali pembeni kama msumeno, akayasogeza kando. Mgonjwa hapewi kitu kigumu hivyo.

Mchana alimfungia Meneja kikapuni, akamwacha jikoni, akatembea mpaka Mutuka, kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo aliitwa Aniceti, kijana mwembamba, mwenye adabu na shati lililogeuzwa kola. Alimpa Bibi Mektilda kiti chake, yeye mwenyewe akakaa juu ya debe.

"Shikamoo, mama. Una shida gani?"

"Marahaba, mwanangu. Nina mgonjwa nyumbani. Hali. Anasaga meno tu."

"Anacheua?"

Bibi Mektilda akafikiri. "Sijawahi kumwona akicheua."

Kijana akainua uso. "Hujawahi? Tangu lini?"

"Tangu nimpokee."

"Mama! Na tumbo?"

"Tumbo lake kubwa siku zote. Sasa ndiyo limeanza kushuka."

"Ni wako?"

"Ni wa kutunza tu. Mwenyewe ni Mama Egidius wa Nakwa, mke wa marehemu Dominiko."

Aniceti alisimama kabisa. "Ng'ombe wa mzee Dominiko! Mimi nilidhani wote waliuzwa. Wale walikuwa ng'ombe, mama. Wilaya nzima walikuwa hawana wenzao."

Bibi Mektilda alitazama chini, kama mtu aliyefundwa vizuri na mama yake. Aliona si adabu kumkatiza mtu wa serikali anapozungumza.

"Kesho asubuhi na mapema nitakuwa kwako," akasema Aniceti. "Asinywe kitu baridi."

"Nitamwambia," akajibu Bibi Mektilda.

Kesho yake alikuja kweli, na baiskeli yake akiisukuma zaidi ya kuipanda. Mipira ya ndani ilikuwa haipatikani mjini tangu zamani, kwa hiyo tairi zote mbili alizijaza majani makavu, akazishona kwa kamba ya katani, na kila palipopasuka majani yalitokeza kama ndevu. Nyuma alikuwa amefunga mfuko wa dawa, kamba nene na sindano ambayo ingeweza kumchoma kiboko.

"Yuko zizi gani, mama? Na utuitie wanaume wawili wa kumwangusha."

"Nitamwangusha mwenyewe," Bibi Mektilda akasema, akaingia jikoni.

Alitoka na kikapu. Akakiweka chini kwenye mwanga, akafunua kitambaa. Meneja akatazama sindano. Aniceti akamtazama Meneja.

"Mama."

"Naam, baba."

"Huyu ni simbilisi."

"Ndiye."

"Jana ulisema ng'ombe!"

"Ng'ombe ulisema wewe, mwanangu. Mimi nilikusikiliza tu."

Upande wa pili wa ua wa minyaa kukasikika mtu anajikaza asicheke, kisha Zuwena akashindwa. Akatokea akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Aniceti hakucheka. Alianza kufunga tena kamba kwenye baiskeli, masikio yamemwiva. "Nimeacha kazi zangu. Kuna ndama anaharisha kule Nangara juu. Nimesukuma tairi za majani kilima chote hiki, mama, kwa ajili ya panya."

"Una haki ya kukasirika," Bibi Mektilda akasema. "Uliwahi kwenda kumpa pole Mama Egidius?"

Mikono ya kijana ikapunguza mwendo. "Nilikwenda. Nilijibiwa dirishani."

"Sote tulijibiwa dirishani. Sasa kila Jumamosi anatoka, anatembea kutoka Nakwa mpaka hapa, anakaa kwenye kigoda kile, ananitukana mpaka jua linazama. Anakuja kumwona huyu. Akifa huyu, mimi nitapeleka ngozi yake, ambayo haifiki hata soli ya kiatu, na yeye atafunga mlango. Mimi sijui mwanamke yule atafungua tena kwa sababu gani."

Aniceti akaiachia kamba. Kisha akafungua mfuko, akanawa mikono kwenye kata ya maji, akapiga magoti mavumbini.

"Mshike kichwa," akasema. "Taratibu."

Akamfunua midomo kwa kidole. Meno ya mbele yalikuwa marefu mno, yamepinda kuelekea ndani, ya chini yanakaribia kumchoma juu ya kinywa. Hata mtu asiyesoma angeona kwamba mdomo ule haukuwa na nafasi ya kuuma kitu.

"Unamlisha nini?"

"Uji wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano. Viazi, lakini navichemsha mpaka vinalainika. Ndizi nampondea mwenyewe. Maboga."

"Mbona vyote laini?"

"Ni mnyama wa mwenzangu. Ningempa vigumu?"

"Majani je?"

"Yananishinda hata kuyashika."

Aniceti akamwangalia Bibi Mektilda usoni, akaona meno matatu yaliyobaki, akaelewa. Bibi yule alikuwa amempa mnyama kila kitu ambacho yeye mwenyewe angeshukuru kupewa.

"Mama, meno ya mnyama huyu hayaachi kuota, kama kucha. Yeye huyapunguza kwa kutafuna vitu vigumu. Ukimpa uji, yanaendelea tu. Njaa anayo, ila hawezi kuuma."

"Kumbe! Mimi yananiisha, yeye yanamzidi. Angenipa hata mawili."

Kifaa cha Aniceti kilikuwa cha kwato, kikubwa kama koleo la fundi chuma. Zuwena akaingia ndani kwake bila kuulizwa, akarudi na kikatio cha kucha alicholetewa na mumewe kutoka Namanga. Kilikuwa bado kinang'aa, na wifi yake mwenyewe alikuwa amenyimwa kukigusa. Akakitoa kwa mikono miwili. "Mkimaliza mkioshe," akasema tu.

Meneja alifungwa kwenye kitenge, kichwa nje. Aniceti akakisogeza kikatio. Tak. Kipande cha jino kikaruka. Tak.

"Hodi hapa! Mnambatiza nani?"

Kandida alikuwa amesimama njiani, khanga nyeusi kichwani, fimbo mkononi. Hakuwahi kuja asubuhi hata mara moja.

"Karibu, Mama Egidius," akasema Bibi Mektilda. "Umewahi."

"Nimewahi kwa sababu njiani nimeambiwa bwana mifugo amepita na kamba kwenda kwa Mama Natalia kumwona ng'ombe wangu. Nikasema, ngoja na mimi nikamwone ng'ombe huyo, maana simjui." Akasogea, akachungulia kitenge. "Ndiye huyu? Mbona amekonda? Na mbona mnamkata meno? Mmeona mimi ni mjane, mnaniibia hata meno ya mnyama?"

"Yamemzidi, mama," Aniceti akasema, na tak ya mwisho ikalia. Akamwachia Meneja chini.

Wote wanne wakainama. Sahani ya uji ilikuwa pale, na ndizi iliyopondwa. Meneja akajilamba. Akainusa ndizi, akaipita. Akauzunguka uji kama mtu anayekwepa dimbwi. Akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli, akasimama kwa miguu ya nyuma, akang'ata jani lililotokeza kwenye tairi na kulivuta.

"We! We!" akapiga kelele Aniceti.

Jani likatoka, refu, kavu, na Meneja akaanza kulila kuanzia nchani, haraka, mdomo ukienda kama cherehani. Lilipokwisha akavuta lingine.

"Tairi la serikali hilo!" akasema Aniceti. "Nitarudije?"

"Meneja anakula mali ya umma," akasema Zuwena, "kuna ajabu gani?"

Hapo Kandida akatoa sauti. Mwanzoni ilikuwa kama kikohozi. Akaweka mkono mdomoni kuizuia, ikapita kati ya vidole, na mara alikuwa ameshikilia fimbo ya Dominiko kwa mikono miwili asianguke, anacheka, machozi yanamtoka. Bibi Mektilda hakucheka naye. Alikaa kumsikiliza, kama mtu anavyosikiliza mvua ya kwanza kwenye bati.

Lakini kicheko kilipokwisha, Kandida akajikumbuka. Akavuta khanga yake nyeusi, akaunyoosha uso.

"Haya. Nimeona ya kutosha. Mnyama akikonda mikononi mwa mtunzaji, mwenye mali humrudisha kwake. Utaratibu unaujua, Mama Natalia. Si ulinifundisha wewe? Lete kikapu."

Hiyo ilikuwa haki kabisa. Hata huko Mbulu wazee wangesema hivyohivyo. Akilini Bibi Mektilda alimwona Kandida akiondoka na kikapu, mlango wa Nakwa ukifungwa, Jumamosi zikija na kupita. Akageuza macho taratibu kwa Aniceti, ambaye alikuwa anapima tairi lake kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "mwambie basi ile habari ya karantini."

Aniceti akainua kichwa. Akamtazama Bibi Mektilda. Akamtazama mama wa Nakwa, na kikapu, na fimbo. Kisha akasimama, akakung'uta magoti, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ya ofisini. "Karantini. Mnyama aliyetibiwa kinywa haruhusiwi kuvuka kwenda Nakwa bila kibali."

"Kibali kinatolewa na nani?" akauliza Kandida.

"Na mimi, mama."

"Kitoe."

"Karatasi zimekwisha. Tumeambiwa hata Dar es Salaam hakuna."

Kandida alikuwa ameishi na mfugaji umri wake wote wa utu uzima. Karantini alizijua kama anavyozijua sala za asubuhi: zinatangazwa lini, kwa ugonjwa gani, na kwa mnyama yupi. Alimkazia macho yule kijana mpaka kijana akaanza kuangalia miguu yake. Akamhamishia Bibi Mektilda macho hayohayo, na Bibi Mektilda akawa anatafuta kitu juu ya paa.

"Karantini," Kandida akasema polepole. "Ya simbilisi."

"Ndiyo, mama," akajibu Aniceti kwa sauti ndogo.

"Nawe ulikuja dirishani kwangu siku moja, ukasimama juani na kofia mkononi. Nilikuona. Hukustahili kuachwa juani."

Akavuta kigoda, akaketi. Fimbo akailaza chini.

Zuwena akaenda kuchomoa majani kwenye mzigo wa mbuzi ili kuziba pengo la tairi. Bibi Mektilda akachemsha chai, wakainywa bila sukari, kila mmoja na kipande cha kiazi, na Kandida akasema chai ni nyepesi, kiazi hakikuiva, na bwana mifugo aoe haraka kwa sababu kola yake inatia huruma. Alikaa mpaka kivuli cha jiko kikahamia upande wa pili. Meneja alikula mkono mzima wa yale majani makali ya ziwani, akalala juu ya mengine.

Kandida alipoondoka, Bibi Mektilda alimsindikiza mpaka kwenye njia panda, kama inavyopasa. Walipofika, Kandida akasimama, akachorachora mavumbi kwa fimbo.

"Sasa habari za mnyama wangu nitazipataje katikati ya wiki? Kama amepata homa ya meno?"

"Nitamtuma mtu," akasema Bibi Mektilda.

"Mtu gani? Mtunzaji huleta habari kwa miguu yake mwenyewe. Jumatano nitapika makande. Usiniite kutoka nje, wala usiende upande wa dirisha. Sukuma mlango uingie." Akaanza kuteremka njia, kisha akageuka, na safari hii hapakuwa na utani usoni mwake. "Utakuja, Mektilda? Uje kweli."